Jezi Namba Ishirini na Mbili

Kwa misimu minne nilikuwa kipa wa akiba wa timu yetu ya Endarasha, na katika misimu hiyo minne sikudaka mpira hata mmoja wa ligi. Ninaliandika jambo hili mapema ili msomaji asinidhanie mtu mwingine. Wapo wanaoandika kumbukumbu za soka kwa sababu walicheza. Mimi naandika kwa sababu nilikaa, na aliyekaa huona mengi.

Ligi yenyewe ni ile ndogo ya eneo, ya daraja la chini, inayokusanya timu za miji iliyouzunguka mlima: Nyeri mjini, Karatina, Kutus, na sisi wa Endarasha, ambao tukijiita mji hata ng'ombe wetu hushangaa. Inaitwa ligi ya kulipwa, na sitaki kugombana na aliyeipa jina hilo. Sisi tulilipwa nauli na chai, na tukishinda chai ilikuja na chapati. Chapati hizo mimi ndiye niliyezifikia kwanza siku zote, maana sikuwa na haja ya kuoga.

Kazi yangu halisi ni ualimu. Nilizaliwa Giakanja, nikaletwa Endarasha na barua ya uhamisho, nikapewa gredi ya sita na nyumba ya mabati inayovuja upande mmoja tu. Kwenye timu kazi yangu ilikuwa kutunza vitu. Kabla ya mechi wachezaji walinijia mmoja mmoja pale kwenye benchi na kuniachia simu, funguo za pikipiki, pete za ndoa. Straika wetu mmoja aliniachia meno yake mawili ya mbele, ya kubandika, yakiwa yamefungwa kwenye kitambaa. Meno yale niliyatunza kuliko nilivyowahi kuyatunza yangu.

Kocha wetu alikuwa afisa wa kilimo mstaafu na mzee wa kanisa. Aliifunza timu kama alivyowahi kuwafunza wakulima wa viazi: nafasi kati ya mtu na mtu, na palilia mapema. Ndiye aliyetoa amri kwamba kila mchezaji afue jezi yake mwenyewe nyumbani kwake. Alisema jezi ikifuliwa kwa pamoja watu huacha kuiheshimu. Ilikuwa amri nzuri, ila alipoitoa hakuwa na kipa wa akiba akilini.

Jezi yangu ilikuwa ya manjano, namba ishirini na mbili. Kila Jumamosi ilitoka nyumbani safi mchana na kurudi safi jioni. Mke wangu, ambaye anashona sweta za shule pale sokoni, aliipokea mlangoni, akaigeuza huku na huku, akainusa makwapani, kisha akaitumbukiza kwenye karai kama zilivyotumbukizwa nguo za shambani. Amri ni amri, na yeye ni mtu wa kanisa.

"Mwalimu, leo je?" alikuwa akiniuliza.

"Leo nimepasha misuli."

"Gani? Ile ya kukalia?"

Nilicheka naye. Alikuwa na haki ya kucheka kwa sababu maji ya kufulia aliyachota mwenyewe. Miaka ilivyokwenda, jezi ile ilipauka kwa kufuliwa tu, bila kosa lolote, mpaka manjano yake yakawa rangi ya uji. Mke wangu alisema itachanika kabla sijacheza. Nilijifanya sijali. Nilijali sana. Nilitaka kuirudisha nyumbani ikiwa na matope, hata mara moja tu, nimwone atasema nini.

Na nafasi ilikuwa inakwisha. Nilikuwa nakaribia miaka arobaini, na kocha alikuwa amekwisha kuniambia, kwa upole wa mtu anayemwambia mkulima kwamba shamba lake limechoka, kuwa msimu ujao angeandikisha kipa mwingine wa akiba.

Sikuweza hata kumchukia kipa wetu wa kwanza. Alikuwa polisi kutoka pande za Busia, mrefu, mwenye viganja ambavyo ukimpa kikombe cha chai hukioni tena. Alifika Endarasha akilalamika kuhusu baridi, na kwa miaka mitatu hakuacha kulalamika, lakini golini alikuwa ukuta. Tangu afike alikuwa amedaka kila mechi. Kuna siku alidaka akiwa na homa, amevaa sweta mbili ndani ya jezi. Alitaka kumaliza na msimu ule wa tatu bila kukosa mechi hata moja, na alitutangazia hivyo kila baada ya mazoezi.

"Nikimaliza zote nampigia mzee wangu simu," alisema. "Yeye alikuwa anasema ati mimi siwezi maliza kitu."

Basi ikaja Jumamosi ya mechi ya mwisho, nyumbani kwetu, na wageni walikuwa timu ya Kutus. Hesabu ya siku ile hata gredi ya sita wangeiweza: sare ingetubakiza kwenye ligi, tukifungwa tungeshuka. Na chini ya ligi yetu kuna ligi ambayo watu hucheza wamevaa gambuti za shambani, refa ni binamu ya mwenye uwanja, na mechi husimama mbuzi wakipita.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu Alhamisi. Kutus walifika na basi lao safi, wakatazama uwanja wetu, wakarudi ndani ya basi kula ndizi. Wao wametoka kwenye joto, na waliuangalia ukungu wetu kama watu wanaodanganywa.

Sasa, ligi yetu ina sheria moja ambayo timu mwenyeji huijua kuliko sala ya Bwana. Lazima kuwe na polisi wawili uwanjani, wenye sare kamili, kabla refa hajapuliza kipenga. Bila polisi wawili hakuna mechi, na pointi zote huenda kwa mgeni. Kwa hiyo kila Alhamisi kocha alipeleka barua kituoni, akaigongesha muhuri, akarudi nayo akiwa ameiweka ndani ya Biblia ili isikunjike. Alhamisi ile pia alifanya hivyo. Lakini Ijumaa ikatangazwa kwamba mheshimiwa fulani angehudhuria mazishi upande wa pili wa Kieni, na palipo na mheshimiwa ndipo polisi wote hutakiwa. Jumamosi alitufikia askari mmoja tu, kijana aliyekuwa akipiga chafya ndani ya koti la mvua.

Kamisaa wa mechi alikuwa mama mfupi kutoka Nyeri mjini, mwenye faili ya plastiki na mwavuli mweusi. Alimtazama yule askari kutoka kofia hadi viatu.

"Sheria inasema wawili," alisema. "Mimi naona mmoja, na huyu mmoja ni mgonjwa."

"Madam, mwingine anakuja," kocha akasema.

"Anatoka wapi?"

Kocha hakusema uongo hata wakati ambapo uongo ungetufaa. "Mazishini," alisema.

Kamisaa akaitazama saa yake na kutupa nusu saa. Kocha akapiga simu kituoni, akaambiwa aliyebaki ni wa zamu ya dawati na hawezi kuacha mlango. Akapiga tena, akaambiwa hilo hilo. Dakika zikapita. Wachezaji wetu wakasimama wakiwa wamejikumbatia kwa baridi. Kocha akavua kofia yake ya sufu na kuinamisha kichwa, nasi tukajua kwamba mambo ya kibinadamu yamemwishia.

Hapo ndipo mimi nikafungua mdomo. "Lakini si kipa wetu ni polisi?"

Nimesimulia kisa hiki mara nyingi, shuleni, kanisani, kwenye foleni ya kupeleka maziwa, na kila mara nimejifanya kwamba wazo lile lilinijia kwa ajili ya timu. Nataka leo niseme ukweli. Wazo lile nilikuwa nalo tangu kamisaa aliposema neno "mmoja". Nilikuwa nimelikalia, nikalipigia hesabu, nikaona kwamba likisemwa na mimi itajulikana nataka nini, nikangoja mtu mwingine aliseme. Hakuna aliyelisema. Zilipobaki dakika kumi na tano uroho ukanishinda.

Kipa wetu alikuwa amechuchumaa akifunga kamba za viatu. Aliinua kichwa polepole.

"Mwalimu, ati nini?"

Sikurudia. Sikuhitaji, kwa sababu kamisaa alikuwa ameshamgeukia. "Wewe ni afande? Uniform yako iko wapi?"

"Iko kwa nyumba, madam. Lakini leo niko off."

"Mkubwa wako akikubali, mimi nakubali. Lakini ukivaa hiyo uniform jina lako linatoka kwa fomu. Huwezi kuwa ulinzi na uwe kipa. Na nikikusikia unaongea mambo ya mpira naandika kwa ripoti."

Kipa wetu alimpigia mkubwa wake, akakubaliwa upesi. Nadhani alitamani akataliwe. Alisimama pale na simu mkononi, akiangalia goli la upande wa juu wa uwanja. Kisha akavua glavu zake na kuniwekea mapajani. Kwa sekunde nzima, kwa mazoea ya misimu minne, nilidhani ananipa nimtunzie.

"Nilikuwa nimebakisha hii moja tu," alisema, na akapanda pikipiki kwenda kuvaa.

Nilivaa glavu zake. Zilikuwa bado na joto. Niliona aibu, na ndani ya aibu ile nilifurahi, na nilipojaribu kutenganisha viwili hivyo sikuweza. Vile vitu vya wachezaji vilibidi vipate mtunzaji mwingine. Kocha aliyapokea yale meno kwa ncha za vidole, akayatia mfukoni pamoja na muhuri wa timu.

Kipindi cha kwanza nilidaka goli la juu. Askari mwenye chafya alisimama upande wa mashabiki, na kipa wetu, sasa afande kamili mwenye sare iliyopigwa pasi na kofia, akajiweka nyuma ya goli langu. Hakuna sheria inayomkataza polisi kuchagua mahali pa kulinda.

Dakika za mwanzo hazikuwa mbaya. Kisha Kutus wakapata kona. Mpira ulikuja juu, mkubwa, mzito kwa maji, nami nikauitikia kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa kubatizwa. Ukanipita katikati. Nyuma yangu nilisikia wavu ukilia na afande akivuta pumzi.

Mashabiki wetu, watu wanaonikabidhi watoto wao kila Jumatatu, hawakunionea huruma hata kidogo.

"Mwalimu! Hiyo uende nayo nyumbani kama homework!"

Baada ya hapo afande akaanza kufanya kazi yake kwa sauti. "Raia! Songa mbele kidogo!" Nyuma ya goli hakukuwa na raia, isipokuwa mama mmoja aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha. Nilisonga mbele kidogo, na mpira uliofuata ukanikuta mahali pazuri. "Rudi kwa laini! Nimesema rudi kwa laini!" Nikarudi. Kamisaa alizunguka uwanja mzima na mwavuli wake mpaka akafika.

"Afande, unaongea na nani?"

"Na huyu mama, madam. Anasumbua."

"Mimi?" yule mama akasema. "Mimi nimekaa tu na mayai yangu."

Kamisaa akaandika kitu kwenye faili, na afande akanyamaza kwa dakika tatu hivi.

Muda mfupi kabla ya mapumziko nahodha wetu, mwendesha pikipiki mwenye kichwa kigumu kwa kila maana, alipata frikiki ya mtu mwingine kwenye paji la uso na ikaingia. Hata yeye hakujua imeingia mpaka tulipomwangukia. Tukawa sare, bao moja kwa moja. Kocha hakutuambia lolote wakati wa mapumziko ila tunywe chai ikiwa moto.

Kipindi cha pili nilihamia goli la chini, na hapo nilikuwa kwangu. Benchi letu liko upande ule. Kwa misimu minne nililitazama goli lile kuliko nilivyotazama ubao wa darasani. Nilijua kwamba kushoto, hatua moja kabla ya mstari, kuna kishimo ambacho ng'ombe wa jirani wamekichimba kwa kulala hapo siku za wiki. Mvua ikinyesha kinajaa maji, na nyasi zinakifunika usikione. Mpira ukipita hapo kwa kasi yoyote ile husimama. Sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu hakuna anayemuuliza kipa wa akiba kuhusu uwanja.

Kutus walitushambulia mpaka jua likaanza kuinama nyuma ya mikaratusi. Nilidaka mingine, mingine nikaipiga ngumi, mmoja ulinigonga goti bila mimi kujua. Afande alikuwa amehama nami. Kila nilipogeuka nilimwona amefumbata mikono nyuma, midomo ikimchezacheza.

Ilikuwa karibu kabisa na mwisho. Straika wao mwepesi alimwacha beki wetu wa kati ameketi kwenye matope, akanijia peke yake. Nilitoka. Akanizunguka kushoto kwa urahisi ulioniudhi, akausukuma mpira kwenye goli tupu, akainua mikono na kukimbia kwenda kwa wenzake kushangilia. Nilimsikia mtu wetu akilia "Ngai!" na nikajua ni kocha, ambaye hulitaja jina hilo kanisani tu.

Mimi sikumtazama straika. Nilikimbia kwenda kishimoni. Mpira ulikuwa hapo, umesimama majini, unazunguka taratibu ukiningoja. Niliuangukia kwa tumbo. Maji yalinijaa mdomoni, puani, ndani ya jezi, na nikalala juu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu niliogopa kuamka na kukuta si kweli. Yule straika alikuwa bado anakumbatiwa.

Refa alipopuliza kipenga cha mwisho watu waliingia uwanjani, na polisi wawili wenye sare kamili hawakuzuia hata mmoja. Nilibebwa. Nahodha alinidondosha mara moja, nikabebwa tena. Nilipowekwa chini nilikwenda kumtafuta afande. Alikuwa bado nyuma ya goli, akiangalia kile kishimo.

Nilimvulia glavu zake. Zilikuwa zimechafuka vibaya.

"Mwalimu," alisema, "ile maneno ulisema asubuhi, ilikuwa ya timu ama yako?"

Ilikuwa mchana wakati nilipoyasema, lakini sikumsahihisha. Ningeweza kumwambia ya timu, na angelazimika kukubali, kwa kuwa timu ilikuwa imebaki kwenye ligi.

"Nusu nusu," nikasema. "Labda yangu ilizidi. Nisamehe."

Alizikunja glavu, akazitia mfukoni mwa suruali ya sare, akafikiri. "Mzee wangu nitamwambia nini?" Hakuwa ananiuliza kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli. Kisha akampungia mkono askari mwenzake, wakaondoka pamoja kwenda kuripoti kituoni, yeye akitembea kama mtu aliyechoka kucheza.

Nilikwenda nyumbani bila kunywa chai. Chapati zilikuwepo, wenzangu waliniambia baadaye. Nilipitia njia ya shambani ili mke wangu asisikie habari zangu kwa watu kabla hajaniona, nikasimama mlangoni. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliinua macho, akaona matope kutoka kidevuni hadi magotini, na yale maharagwe aliyokuwa ameshika yakamwanguka.

"Leo je?" akauliza, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Leo nimecheza."

Hakucheka. Aliniambia niivue. Nilimpa jezi, ikiwa nzito kama gunia bichi, nikamwambia nitachota maji ya kufulia mwenyewe. Nilipotoka na ndoo nilimkuta nje. Alikuwa ameitundika kwenye kamba ya nguo karibu na ua wa barabarani, na matope yake yote, ameibana kwa vibanio vinne ingawa hakukuwa na upepo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Waumini wa makanisa yote ya Endarasha hupita kwenye barabara ile, na wote waliiona. Kocha alipita akiwa na Biblia, akasimama, akasoma amri yake ikivunjwa hadharani, akaendelea na safari. Nilimsihi mke wangu aiondoe. Alisema yeye yuko na kazi.

Jumatatu asubuhi, nikiwa natafuta chaki zangu, nilisikia sauti ya afande kutoka barabarani. Alikuwa anakwenda zamu.

"Mama, hii jezi mbona haijaoshwa?"

"Afande, hiyo nimeiosha miaka nne bila makosa," mke wangu akamjibu kutoka jikoni. "Wacha ikae na matope yake."

Nilichungulia dirishani. Alikuwa amesimama nje ya ua, na kofia yake kichwani. Aliitazama jezi kwa muda. Mke wangu alikuwa ameitundika kifua mbele, namba ya mgongoni ikielekea nyumba, na matope ya kifuani yalikuwa yamekauka yakaanza kupasuka. Afande akaingiza ile mikono yake mirefu juu ya ua, akafungua vibanio kimoja kimoja kwa uangalifu ili matope yasidondoke, akaigeuza, akaibana tena. Ile ishirini na mbili sasa ilikuwa inaangalia barabara.